Hivi kwa nini simu ya kori nane inapigwa gepu na iPhone 11 yenye kori sita?

#1 Mpemba wa Bara
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinaniumiza kichwa, naombeni wajuzi mnifungue macho.

Nina simu ya Android, nilinunua mpya mwaka jana, boksi limeandikwa kori nane (zile injini za hesabu ndani ya prosesa), gigahezi 2.0, RAM GB 8. Mdogo wangu ana iPhone 11 ya mtumba toka Dubai, RAM 4, kori sita basi. Simu yangu sio mbovu, inapiga kazi zote, ila tukiziweka pembeni kwa pembeni tufungue kamera, au WhatsApp yenye yale magrupu ya ukoo, au tuediti video fupi, yake inamaliza mimi bado naangalia kiduara kinazunguka.

Nimepakua CPU-Z, apu ya kuonesha prosesa, inaniambia chipu yangu ni Helio G85 ya MediaTek, kori za A75 mbili na za A55 sita. Yake ni A13 Bionic ya Apple. Nikagoogle, A13 imetoka 2019, G85 imetoka 2020. Yaani yangu ni changa zaidi, ina kori nyingi, RAM mara mbili. Hesabu za darasa la nne zinakataa. Hizo kori nane zinafanya nini humo ndani?

#2 Subiri Kidogo
Nipo paleee kwenye benchi la mbele, kahawa mkononi. Wajuzi piteni.

#3 Shabiki Maandazi
iPhone ni iPhone. Mods fungeni uzi.

#4 Nano Nane
Mkuu jibu ni fupi sana: nanomita, ile namba ya teknolojia iliyochapa chipu. A13 ni 7, G85 ni 12. Namba ikiwa ndogo transista (zile swichi za umeme za ndani) ni ndogo, zinaingia nyingi kwenye kipande kilekile, zinakula umeme kidogo na hazichemki haraka. A13 ina transista bilioni 8.5 kwenye kipande cha milimita za mraba kama 98 hivi, ukucha wa kidole gumba tu. Kwenye 12nm huwezi kujaza vitu vingi hivyo bila simu kugeuka pasi. Kabla ya kununua simu uliza nanomita, mengine porojo.

#5 mtambo_mmoja
@Nano Nane umegusa ila umeruka kitu cha kwanza kabisa. Mkuu Mpemba, kosa liko kwenye kuhesabu kori kama vile zote zinafanana. Hazifanani. Kwenye G85 yako una mafundi wawili na vibarua sita. A75 ndo mafundi, A55 ndo vibarua.

Chipu inafanya kazi kwa midundo, gigahezi 2.0 maana yake midundo bilioni mbili kwa sekunde. Swali ni kila mdundo mmoja kori inapokea amri ngapi. A55 inapokea mbili, tena inazifanya kwa foleni, amri ya mbele ikikwama inasubiri data basi na za nyuma zinasubiri. A75 inapokea tatu na inaweza kuruka foleni, inachukua ile iliyo tayari kwanza. Sasa zile kori mbili kubwa za A13 (wanaziita Lightning) zinapokea nane kwa mdundo, na midundo yenyewe ni gigahezi 2.65. Sio kwamba kila mdundo unatimiza nane, hapana, mara nyingi hazijai, lakini mlango ni mpana zaidi ya mara mbili ya A75 na mdundo una kasi zaidi.

Alafu kitu cha pili, kufungua kamera au kufungua WhatsApp sio kazi ya kugawana watu nane. Kazi nyingi za namna hiyo zinabebwa na kori moja au mbili, kwa sababu hatua ya pili inasubiri jibu la hatua ya kwanza. Kwaiyo hapo zinashindana kori moja ya kwako na moja ya dogo, na kwenye kori moja kwa moja A13 inaipita G85 zaidi ya mara tatu. Hizo nyingine sita zinahesabika kwenye boksi tu.

#6 Subiri Kidogo
Kwaiyo vibarua sita wako kijiweni wanacheza bao wakati mafundi wawili wanapigwa jua 😂😂 Tanzania yetu hiyo hiyo.

#7 bintitanga
@mtambo_mmoja asante kaka, leo ndo nimeelewa. Miaka yote nauliza duka la simu "ina kori ngapi" na mimi nijione mjanja.

#8 Nano Nane
@mtambo_mmoja hiyo milango mipana unaipata wapi bila transista nyingi, na transista nyingi unaziweka wapi bila nanomita ndogo? Tunarudi palepale kwangu.

#9 mtambo_mmoja
Haturudi. Chukua chipu ya Qualcomm, Snapdragon 680 ya 2021, ni 6nm kutoka kiwanda cha TSMC. Chukua Snapdragon 720G ya 2020, ni 8nm kutoka Samsung. Kwa kanuni yako 680 inashinda. Haishindi, 720G inaiacha kwa mbali kwa sababu ina kori mbili za ukoo wa A76, wakati 680 ndani ina ukoo wa A73 na A53, wa zamani zaidi. Nanomita ndogo imemsaidia 680 kwenye betri, hapo sibishi, watu wenye hizo simu wanakaa siku nzima na chaji. Lakini spidi hapana.

Na namba yenyewe ya nanomita siku hizi ni jina la biashara, hakuna kitu ndani ya chipu ya 4nm ambacho ukipima kinasoma nanomita 4. Ushahidi mzuri ni Snapdragon 8 Gen 1 ya mwishoni mwa 2021. Ilitengenezwa Samsung, 4nm. Ikawa inachemka kila mtu analalamika. Mei 2022 Qualcomm wakachukua ramani ileile wakaipeleka TSMC, nayo 4nm, wakaiita 8+ Gen 1, wakapandisha kori kubwa toka gigahezi 3.0 mpaka 3.2 na bado wakadai kori zinaokoa umeme asilimia 30. Nanomita nne na nanomita nne. Eleza hapo.

#10 Nano Nane
Hapo umenithibitishia mimi. Tofauti imetoka kiwandani, sio kwenye ramani ya kori. Nilisema utengenezaji ndo kila kitu, namba tu ndo inadanganya.

#11 Subiri Kidogo
Hii gia ya angani imewekwa saa ngapi?

#12 Fundi Aggrey
Wakuu mnabishana prosesa wakati tatizo la huyu ndugu liko pembeni ya prosesa. Mimi nafungua hizi simu kila siku. Simu nyingi za daraja la G85 zinatumia memori ya kuhifadhia aina ya eMMC 5.1. iPhone toka enzi za 6s zinatumia NVMe, mfumo wa ukoo wa zile za kompyuta. eMMC inasoma megabaiti 250 mpaka 300 kwa sekunde, tena ina njia moja, ikiwa inaandika haisomi, ikisoma haiandiki. Sasa simu ina picha elfu nane, magrupu ya WhatsApp yanashusha video, apu zinajiapdeti kwa nyuma, alafu wewe unabonyeza kamera. Prosesa hata iwe na kori hamsini itasubiri memori.

Nikipata mteja anasema simu imekuwa nzito, nikikuta GB 128 zimebaki mbili namwambia kafute kwanza ndo uje. Wengi hawarudi, ila wengine wanaona nimewafukuza.

Na kitu kingine mkiona bodi za simu hizi hamtajua RAM iko wapi. Kwenye iPhone RAM imekaa juu ya prosesa, zimepandana, ukipiga blowa unaondoa RAM kwanza ndo unaikuta chipu chini. Simu nyingi za bei ya chini RAM na memori zimewekwa pamoja kwenye chipu moja pembeni. Kwaiyo ikifa hiyo umepoteza vyote, RAM na picha za harusi.

#13 bintitanga
Picha za harusi tena jamani 😭

#14 Mpemba wa Bara
@Fundi Aggrey memori yangu imebaki GB 11 kwenye 128. Inahesabika imejaa?

#15 Fundi Aggrey
Imebanwa. Fleshi ikikaribia kujaa inahangaika kutafuta nafasi ya kuandika, inafuta hapa inahamishia pale. Ifikishe 25 au 30 alafu uniambie.

#16 Dalali Hewa
Wakuu kwa wanaosumbuliwa na simu nzito nina mzigo mpya umeingia, RAM GB 16, kori 8, kamera megapikseli 50, warantii ipo, bei ya ndugu. PM.

#17 mwandika_kodi
@Dalali Hewa hiyo 16 ni 16 kweli au ni 8+8?

#18 Dalali Hewa
Ni 16 mkuu, 8 ya kawaida na 8 ya kuongezea.

#19 mwandika_kodi
Ndo 8 hiyo. Ya "kuongezea" ni kipande cha memori ya kuhifadhia kinachojifanya RAM. RAM halisi inapitisha gigabaiti nyingi kwa sekunde, eMMC aliyoisema fundi inapitisha robo tu ya gigabaiti moja. Ukiweka apu huko, siku unairudia inabidi isomwe upya toka kwenye memori ya polepole. @Mpemba angalia setingi zako, kama hiyo kitu imewashwa izime tuone.

Alafu nirudi kwenye mada kwa sababu kila mtu analaumu vyuma na hakuna aliyezungumzia programu. Mimi naandika apu. Android inatumia mtindo wa kuacha takataka za memori zirundikane alafu kuna mfagiaji anapita kuzikusanya. iOS inahesabu kila kitu kinatumiwa na nani, kikikosa mtu kinatupwa palepale. Ndo sababu moja iPhone inaishi na RAM 4 bila aibu. Ya pili, Apple anaandika mfumo kwa ajili ya chipu chache anazozijua mpaka jina la ukoo. Mtengenezaji wa Android anachukua mfumo wa Google, anaongezea mapambo yake, anaongezea apu kumi ambazo hukuziomba na haziondoki, zote zinaamka asubuhi kabla yako.

#20 mtambo_mmoja
@mwandika_kodi hoja ya RAM naikubali, ya spidi siikubali. Geekbench, apu ya kupimia spidi, inapima hesabu tupu, haina mapambo, haina mfagiaji wa maana, na bado A13 inaipiga G85 vibaya. Programu inaongeza pengo, haijalileta.

#21 Shabiki Maandazi
Nilisema posti namba 3 mkanipuuza.

#22 Pwani_254
Hamjambo nyote, mimi niko Mombasa, huwa nasoma tu lakini leo yabidi niseme. Nyote mwazungumza kama kwamba hawa jamaa wa MediaTek hawajui kutengeneza chipu nzuri. Wajua sana. Dimensity 9300 waliyoitoa 2023 ina transista bilioni 22.7, haina hata kori moja ndogo, ina kori kubwa tupu, X4 nne na A720 nne. Hiyo yaipita A13 parefu.

Tofauti ni pesa. G85 na A13 zote zimechapwa na kiwanda kimoja, TSMC wa Taiwan. MediaTek mwenyewe ni wa Taiwan. Na lugha ya amri zao ni moja, ya ARM wa Cambridge, Uingereza. Kwa hiyo kiwanda kimoja, lugha moja. Ila Apple hauzi chipu, auza simu, kwa hiyo aweza kujaza eneo kubwa la chipu na kache apendavyo, gharama yarudi kwenye bei ya simu. A13 ina kache ya megabaiti 8 kwa zile kori mbili kubwa na nyingine megabaiti 16 ya chipu nzima. Kache ni memori iliyo ndani ya chipu yenyewe, data ikiwa humo kori haingoji RAM. Lakini kache yala nafasi na nafasi ni pesa. MediaTek auza chipu kwa mtu anayetaka simu ya shilingi elfu kumi na tano za Kenya na abakishe faida. Huyo hesabu yake ni senti.

#23 Mpemba wa Bara
@Pwani_254 hii ya kiwanda kimoja sikuijua kabisa. Asante.

#24 Nano Nane
Kiwanda kimoja ila mashine tofauti, A13 imechapwa na zile mashine za EUV, zinazochapa kwa mwanga wa urujuanimno, za Waholanzi wa ASML, zile za bei ya ndege. G85 imechapwa na mashine za zamani.

#25 Pwani_254
La, ndugu yangu. A13 ni 7nm ya kizazi cha pili, N7P, nayo haikutumia EUV. Iliyotumia EUV mwaka uo huo 2019 ni Kirin 990 5G ya Huawei, ile yaitwa N7+. Apple aliingia EUV mwaka uliofuata na A14, 5nm.

#26 Nano Nane
Haya, herufi moja hiyo, P na alama ya kujumlisha. Hoja inabaki.

#27 Subiri Kidogo
Nano anakufa na tai shingoni 😂 namheshimu.

#28 bintitanga
Samahanini naomba kuuliza swali la kijinga. Kama kori nyingi hazisaidii, nani alianzisha huu mchezo wa nane?

#29 mtambo_mmoja
Sio la kijinga, ndo swali zuri kuliko yote humu.

Mwaka 2011 ARM walileta wazo la kuchanganya kori kubwa na ndogo, wakaliita big.LITTLE. Nia ilikuwa betri. Simu ikiwa mfukoni inapokea meseji, kori ndogo zinatosha, zinakula umeme kidogo mno, ukifungua gemu kubwa zinaamka. Wazo safi. Lakini Novemba 2013 MediaTek wakaleta MT6592, kori nane zote ndogo, A7 nane, wakaitangaza kama kori nane za kweli. Kuna mkubwa mmoja wa Qualcomm alikuwa kashasema hadharani mwaka huohuo kwamba kujaza kori nane ni ujinga, wao hawafanyi. Soko likajibu. Watu walitaka nane kwenye boksi, na mwaka uliofuata Qualcomm wenyewe wakatangaza Snapdragon 615, kori nane.

Ikaendelea mpaka ikawa vichekesho, MediaTek wakatangaza Helio X20 mwaka 2015 ina kori kumi, makundi matatu. Baada ya X30 ya 2017 wakaachana na kumi kimyakimya. Lakini nane ikabaki kwenye vichwa vya watu. Ata leo kuna simu mpya dukani zina A53 nane, na A53 ni ramani ya mwaka 2012. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana simu yake mwenyewe.

#30 mwandika_kodi
Nipingane kidogo, kori nane sio danganya toto moja kwa moja. Ukiwa unasikiliza mziki, ramani imefunguka, bluetooth, apu zinajiapdeti, hizo kazi ndogondogo zinaenda kwenye A55 na zile kubwa zinabaki huru kwa kinachoonekana kwenye skrini. Kuediti video pia, wakati wa kutoa faili la mwisho, kazi inagawanyika vizuri. Tatizo ni uwiano. Mbili kwa sita unapata kubwa chache.

#31 mtambo_mmoja
A13 nayo ni mbili kwa nne. Uwiano sio tofauti sana. Tofauti ni hizo mbili zenyewe ni nani.

#32 Muscat Kavu
Salaam kutoka Muscat. Mimi nina ushahidi wangu kuhusu hawa wanaosifia chipu kubwa. Huku kiangazi jua linafika nyuzi 45 na zaidi. Nina simu ya chipu ya bei mbaya, sitaitaja, na ninayo nyingine ya kazini ya Helio G99. Mchana nikiwa nje kwenye saiti, nikifungua ramani na kamera, ile ya bei mbaya baada ya muda inapunguza mwanga wa skrini na inaanza kukwamakwama. Ya G99 inaendelea polepole hivyohivyo toka asubuhi. Nimeweka apu ya DevCheck inaonesha midundo ya kila kori, ile kubwa kori yake ya kwanza inashuka zaidi ya nusu ikipata joto.

Kwaiyo mtu akiniuliza chipu ipi ina nguvu mimi nauliza, wapi na saa ngapi?

#33 Shabiki Maandazi
Iweke kwenye friji 😂

#34 Fundi Aggrey
@Shabiki Maandazi usimfundishe mtu hivyo, ikitoka kwenye friji kuingia kwenye joto la huko inafanya majimaji ndani, ataniletea mimi. @Muscat Kavu vua kava, na usichaji ukiwa unatumia. Apple wenyewe wameandika simu zao zitumike kwenye joto la 0 mpaka 35. Huko kwenu kiangazi chote uko nje ya kipimo.

#35 Nano Nane
G99 ni 6nm. Nasema tu.

#36 Subiri Kidogo
😂😂😂😂

#37 Jogoo la Shamba
Nimesoma posti zote, mnatumia hizi Geekbench na AnTuTu kama msahafu. Hizo namba zinachakachuliwa. 2018 Huawei walifutwa simu kadhaa kwenye orodha ya 3DMark, apu nyingine ya kupimia. 2020 tovuti ya AnandTech waliandika kuhusu simu za chipu za MediaTek zilizokuwa na orodha ya apu za kupimia ndani ya mfumo, ukifungua apu ya kupimia simu inaondoa breki zote. 2022 ikawa Samsung na ile GOS yao, programu ya kusimamia magemu, hao walifanya kinyume, apu za kawaida na magemu yanabanwa ila za kupimia zinaachiwa, Geekbench wakafuta S10 mpaka S22 kwenye orodha. Mimi napima kwa macho, nafungua apu kumi nazungukia moja moja.

#38 mtambo_mmoja
Sawa, ila uchakachuaji unaongeza asilimia kadhaa, hauwezi kutengeneza mara tatu. Na waliokamatwa hapo wote ni wa upande wa Android, kwaiyo ukitoa uchakachuaji pengo linaongezeka.

#39 Jogoo la Shamba
Na Apple mwanga wa kanisa? Desemba 2017 nani alikiri kupunguza spidi ya iPhone 6 na 7 zenye betri chakavu bila kumwambia mtu? Wakaja kukubali kulipa mpaka dola milioni 500 kwenye kesi Marekani. @Mpemba angalia afya ya betri ya dogo, hizi za mtumba zinakujaga na betri za ajabu.

#40 Mpemba wa Bara
Asilimia 79. Na bado inanipiga gepu mkuu, hapo ndo inauma zaidi.

#41 bintitanga
Haya basi wakubwa, nina laki nne na nusu. Ninunue nini? Jibuni kwa mtu asiyejua A ngapi.

#42 Fundi Aggrey
Tafuta UFS, memori ya kuhifadhia yenye kasi kuliko eMMC. Muuzaji asipojua UFS ni nini, toka dukani.

#43 mtambo_mmoja
Tafuta yenye A76 kwenda juu, ata mbili tu. G99 inakidhi yote mawili, A76 mbili za gigahezi 2.2 na inakubali UFS 2.2. Sema inakubali, sio lazima mtengenezaji aliweka, kwaiyo angalia simu yenyewe. Na usilipe zaidi kwa sababu ya G100, mpangilio wa kori ni uleule, A76 mbili A55 sita, 6nm ileile. MediaTek wanapenda kubadilisha jina, G81 ina mpangilio uleule wa kori wa G85 ya Mpemba, imevaa shati jipya.

#44 Shabiki Maandazi
Ongeza kidogo chukua iPhone ya mtumba.

#45 Jogoo la Shamba
Ya asilimia 79?

#46 Pwani_254
Dada Tanga, uliza pia mtandao. Nyote mwasahau modemu, kile kinachoshika mtandao. Kwenye Helio modemu iko ndani ya chipu hiyohiyo. iPhone 11 modemu yake ni kipande mbali, cha Intel, na watu wengi hawakukipenda, ndiyo hao Apple wakarudi kwa Qualcomm kwenye iPhone 12. Kama unaishi mahali mnara ni wa kubahatisha, spidi ya kori haitakufaa kitu.

#47 bintitanga
@Pwani_254 niko Pangani, mnara wa kubahatisha ndo maisha yetu 😂 asante sana kaka.

#48 Mpemba wa Bara
Mrejesho wadau. Nimefuta video za magrupu, nafasi imefika GB 34. Nimezima ile RAM ya kuongezea kama alivyosema @mwandika_kodi. Nimezima simu nikawasha. Leo siku ya tatu, kamera inafunguka haraka kuliko zamani, WhatsApp pia. Kuediti video bado dogo ananicheka.

#49 Fundi Aggrey
Memori hiyo. Nilisema.

#50 mwandika_kodi
RAM ya kuongezea hiyo. Nilisema.

#51 mtambo_mmoja
Mmebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hamwezi kujua ni kipi. Labda ni kule kuzima na kuwasha tu. @Mpemba rudisha ile RAM ya kuongezea peke yake alafu upime upya.

#52 Mpemba wa Bara
Mkuu simu inaenda vizuri, sigusi kitu tena.

#53 Kaka Mkubwa Mbeya
Wakuu nimechelewa kidogo. Hivi na hivi visanduku vya TV vya Android vinavyoandikwa 8K na kori nane, nayo ni haya haya ya A53?

#54 Subiri Kidogo
Fungua uzi wako mkuu, sisi kahawa imeisha.

#55 Nano Nane
Ina nanomita ngapi?